Namna ya Kupitia Kozi za Chuo Kikuu kwa Sharti la Tamaduni Mbalimbali: Mwongozo kwa Kamati za Mitaala Mtwara na Lindi

Sharti la tamaduni mbalimbali humtaka kila mwanafunzi, wa fani yoyote, asome angalau kozi moja inayolinganisha tamaduni. Kamati inapokaa kuamua kozi ipi ihesabiwe kuwa ya tamaduni mbalimbali, kitu cha kwanza kinachoipotosha ni jina la kozi. Kozi yenye neno "utamaduni" kwenye kichwa chake hupitishwa kwa dakika tano, na ya sheria ya mirathi haifunguliwi hata ukurasa. Ukizisoma zote mbili wiki kwa wiki, mara nyingi utakuta ile ya kwanza ni orodha ya ngoma na vyakula, na ile ya pili inamlazimisha mwanafunzi kuzipima dini, mila na sheria ya nchi juu ya shamba moja la mikorosho.

Utaratibu ulioelezwa hapa unafuata vitu vitatu tu: wiki ngapi, alama ngapi, na sauti ya nani. Unafaa kwa chuo kikuu kishiriki, kampasi au kituo cha mkoa, na hauhitaji zaidi ya karatasi, kalamu za rangi mbili na wajumbe walio tayari kusoma.

Sharti lenyewe, na tunachoweza kuazima

Sharti la namna hii limekomaa zaidi katika vyuo vya Marekani. Kule mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa uhandisi au wa muziki, husoma kundi la kozi za elimu ya jumla nje ya fani yake. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanataaluma walipiga kura mwaka 1989 kuweka sharti la kozi moja ya tamaduni za Marekani, na likaanza kutumika mwaka 1991. Kozi inayotaka kutambuliwa sharti ichambue kwa kina, tena kwa kulinganisha, angalau makundi matatu kati ya matano: Wamarekani wenye asili ya Afrika, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wenye asili ya Asia, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020 jimbo hilo likapitisha sheria ya AB 1460, inayowataka wanafunzi wa mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, ambao ni mfumo mwingine na ule wa Berkeley, wasome kozi ya krediti 3 kuhusu makundi manne ya kwanza kati ya hayo, yaliyosukumwa pembeni.

Cha kuazima ni ule ulazima wa kulinganisha. Kozi inayosimulia jamii moja, hata ikisimulia vizuri, haimfundishi mwanafunzi kuona kwamba na yeye ana utamaduni wake. Orodha ya makundi matano tuiache huko huko, kwa kuwa imetokana na historia ya nchi ile.

Kitu kingine cha kuacha ni hesabu ya krediti, na hapa makosa ni ya kila siku. Krediti moja ya Marekani ni saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula mzima, pamoja na saa mbili hivi za kujisomea, hivyo krediti 3 ni karibu saa 135 za kazi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mihadhara, semina, kujisomea, mazoezi na mtihani. Anayenakili "krediti 3" kutoka waraka wa Marekani ameandika kozi ya saa 30 kwa mwaka wenye krediti 120. Hizo ni saa za semina fupi tu. Kozi yenye krediti 8 hadi 12 ndiyo yenye nafasi ya kufanya kazi hii.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini kupitia kozi zilizopo ni bora kuliko kutunga mpya. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, na zimeshagawanywa. Ukiingiza kozi mpya ya krediti 8 kwa kila programu, umetoa saa 80 za kitu kingine, na kila idara italalamika kwa haki. Anza na kozi zinazosomwa na wengi, kama Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano. Kisha nenda kwenye kozi za hiari zisizodai sharti la awali.

Vigezo kwanza, mafaili baadaye

Vigezo viandikwe na kupitishwa kabla jina la kozi yoyote halijatajwa kikaoni. Vikiandikwa baada ya hapo, kila mjumbe atavishona kwa kipimo cha kozi ya idara yake. Ukurasa mmoja unatosha. Kwa muhula wa wiki 15 za kufundisha, tunapendekeza hivi:

1. Wiki 8 au zaidi zishughulikie maisha, fikra au mgongano wa jamii zinazotajwa kwa jina.
2. Jamii tatu au zaidi zilinganishwe, na angalau moja isiwe ya ukanda huu.
3. Kozi iulize swali la nguvu na mali: nani aliamua, nani alimiliki, nani aliandika, nani alinyimwa.
4. Angalau theluthi ya vyanzo vya lazima iwe imesemwa au imeandikwa na watu wa jamii zinazosomwa.
5. Alama 40 au zaidi kati ya 100 zitokane na mambo hayo, na sehemu yake iwe ndani ya mtihani wa mwisho.

Kigezo cha pili kina nusu ya mwisho ambayo watu huipuuza. Mwanafunzi wa Newala aliyelinganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao amefanya kazi njema, ila jamii hizo zote zina jadi ya ukoo wa upande wa mama na zote zina jando na unyago. Tofauti kubwa hazijamgusa. Mweke hapo Msukuma, au Mhindi mfanyabiashara wa Lindi mjini, au Mhehe, na maswali yatabadilika mara moja.

Kigezo cha nne ndicho kigumu kwa kanda yetu, kwa sababu mengi yaliyochapishwa kuhusu nyanda za Makonde na Masasi yaliandikwa na wageni. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji bado havijaisha, naye akisafiri chini ya mkono wa serikali ya kikoloni. Alichoandika kina thamani. Lakini orodha ya usomaji yenye Weule, wamisionari wawili na ripoti ya bwana shauri mmoja inawafanya watu wa kusini wawe kitu cha kutazamwa muhula mzima bila kufungua mdomo. Sauti za wenyewe zipo: historia ya masultani wa Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, tenzi, mashauri ya mahakama za mwanzo, rekodi za mahojiano ya wazee, nyimbo zenye tafsiri. Zoezi zuri la wiki moja ni kuweka historia hiyo ya Kilwa kando ya simulizi ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 kama mgeni, na kumtaka mwanafunzi aonyeshe kila mmoja alichokiona na alichokipita.

Nani akae kwenye kamati

Watu saba wanatosha. Akidi iwe watano. Awepo mwalimu wa historia au sosholojia, wa lugha, wa sayansi au biashara, mkutubi, mtu wa ofisi ya taaluma anayejua kanuni za mitihani, mwakilishi wa wanafunzi, na mjumbe mmoja kutoka nje ya chuo anayeijua jamii: ofisa utamaduni wa halmashauri, kwa mfano. Mkutubi asiachwe. Yeye ndiye anayejua kama vitabu vya orodha vipo rafuni au ni majina tu.

Mhadhiri ambaye kozi yake iko mezani atoke nje wakati wa uamuzi, hata kama ndiye mwenyekiti. Liandikwe kwenye hadidu za rejea mapema, lisisubiri aibu ya siku ya kikao.

Faili la kozi: omba vitu sita

Muhtasari wa kozi peke yake haufai, kwa sababu unaeleza nia. Omba na ratiba ya wiki kwa wiki, orodha ya usomaji, karatasi za mtihani wa mwisho za miaka miwili iliyopita, zoezi moja kubwa pamoja na maelekezo yake, na kazi tatu za wanafunzi zilizosahihishwa, majina yakiwa yamefutwa: ya alama ya juu, ya kati na ya chini.

Karatasi za mtihani ndizo muhimu kuliko zote. Ratiba inaweza kuandikwa upya usiku mmoja ili kuipendeza kamati, ila mtihani wa mwaka juzi umeshafanywa. Kama muhtasari unasema "mwanafunzi ataweza kulinganisha mifumo ya ukoo" na mtihani wa miaka yote miwili unauliza "taja sifa tano za utamaduni", basi kinachofundishwa ni kutaja.

Toa wiki tatu za kuleta mafaili. Ukitoa wiki moja utaletewa mihtasari ya zamani iliyobadilishwa tarehe.

Kusoma kwa kalamu mbili

Kila faili lisomwe na watu wawili wasioshauriana, mmoja akiwa wa nje ya fani. Saa moja na nusu kwa faili inatosha ukishazoea. Kalamu ya kijani iweke alama kwenye kila wiki inayotimiza kigezo, na nyekundu kwenye kila wiki inayotaja jamii bila kuishughulikia. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye maswali ya mtihani na uandike idadi ya alama pembeni.

Tuchukue kozi ya mfano, iite "Historia ya Pwani ya Kusini". Wiki 1 ni utangulizi. Wiki 2 hadi 4 ni biashara ya Kilwa na dhahabu ya Sofala. Wiki 5 ni kuingia kwa Wareno mwaka 1505. Wiki 6 ni utawala wa Oman, ya 7 ni biashara ya watumwa na Kilwa Kivinje, ya 8 ni misheni, ya 9 ni Wajerumani, ya 10 ni Majimaji, 1905 hadi 1907. Wiki 11 ni mpango wa karanga wa Nachingwea, 12 ni TANU, 13 ni vijiji vya ujamaa, 14 ni gesi, 15 ni marudio.

Ukisoma haraka utaona tamaduni kila mahali: Waarabu, Wareno, Waomani, Wajerumani, Waingereza. Sasa uliza kalamu. Wiki 2 hadi 4 zinahesabu bidhaa na majengo, hakuna mtu anayesema neno: nyekundu. Wiki 5 ni meli na ngome: nyekundu. Wiki 7 ina ushuhuda wa watu waliouzwa, ukiwekwa kando ya maelezo ya wafanyabiashara: kijani. Wiki 10 inauliza kwa nini jamii za lugha tofauti ziliunganishwa na imani ya maji: kijani. Wiki 13 inalinganisha maana ya ardhi kwa ukoo na kwa serikali: kijani. Jumla ni wiki tatu. Mtihani una maswali matano ya alama 12 kila moja, na swali moja tu, la Majimaji, linalogusa kigezo. Alama 12 kati ya 100, wakati zinatakiwa 40.

Kozi hii irudishwe. Lakini tazama ilivyo karibu kufika. Wiki ya 8, ya misheni, inaweza kubadilika bila kuongeza hata saa moja. Misheni ya Kianglikana ya UMCA iliwaweka watu waliokombolewa utumwani Masasi mwaka 1876, watu wa asili tofauti waliolazimika kuunda kijiji kimoja. Nusu karne baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926, alijulikana kwa kuruhusu jando liendelee likiwa limevikwa sala za Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Mweke mwanafunzi mbele ya jando la wazee, jando la Waislamu wa pwani na jando la kanisa, umwulize kila upande ulilinda nini na ulikubali kuachia nini. Hapo nyekundu imegeuka kijani. Wiki ya 11 nayo, ikiwaangalia Wamwera waliopisha mashamba na vibarua waliokuja kutoka mbali badala ya kuhesabu matrekta, inageuka. Vivyo hivyo wiki 5, 6 na 9 zikipewa chanzo kimoja cha mwenyeji kila moja. Wiki nane zimetimia, na kilichobaki ni kuandika mtihani upya.

Kozi ambazo hakuna anayezitarajia

Hapa ndipo kamati makini hupata hazina yake. Chukua Sheria ya Mirathi. Tanzania ina mifumo mitatu inayotumika sambamba: sheria ya Kiislamu, sheria za mila, na Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865. Zaidi ya hapo, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikusanya mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, wakati Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa jadi hufuata upande wa mama. Zoezi moja linatosha kuionyesha kamati uzito wa kozi hii:

*Mzee amefariki Tandahimba. Wazazi wake walishafariki. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili, na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Ana mikorosho 288. Igawanye.*

Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata moja ya nane, yaani mikorosho 36. Inayobaki 252 mtoto wa kiume hupata 126 na kila binti 63. Kwa sheria ya 1865 mke hupata theluthi, mikorosho 96, na watoto watatu hugawana 192 sawasawa, 64 kwa kila mmoja. Kwa jadi ya ukoo wa mama, mpwa ambaye hakupata hata mti mmoja katika hesabu zile mbili ndiye mwenye dai. Mikorosho ni mali ya kudumu, na baba wengi hupenda iende kwa watoto wao, kwa hiyo jadi yenyewe inajadiliwa ndani ya familia hadi leo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini kila mmoja wa hawa watu watano anaamini ana haki amelitimiza sharti, ingawa jina la kozi halina neno "utamaduni".

Mfano wa pili ni jiolojia. Tendaguru, bara ya Lindi, ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ilipelekwa Berlin, na ya mmojawapo imesimamishwa katika makumbusho ya kule hadi leo. Wapagazi waliibeba kichwani hadi bandarini Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limo kwenye sayansi yenyewe: aina moja ya mjusi wa pale iliitwa *Australodocus bohetii* mwaka 2007. Kozi ya jiolojia yenye wiki moja juu ya Tendaguru haifiki vigezo. Ila kozi ya "Sayansi na Jamii" inayouliza nani anahesabiwa kuwa mgunduzi, nani anamiliki kilichotoka ardhini, na wenyeji walikuwa na maelezo gani juu ya mifupa ile kabla ya msafara, inaweza kufika vizuri kabisa.

Mtego wa ngoma na vinyago

Kozi inayoonyesha sindimba wiki ya 3, vinyago wiki ya 5 na vyakula wiki ya 9 hupendwa na wanafunzi na huwavutia wageni. Isipitishwe kwa hilo. Kinyago kinaingia kwenye sharti pale mwanafunzi anapofuatilia nani anakichonga, kwa soko la nani, na jinsi umbo lilivyobadilika wachongaji wa Kimakonde walipoanza kuwauzia wageni. Swali la kigezo cha tatu likikosekana, umebaki na maonyesho.

Jando na unyago yana hatari nyingine, nayo ni nzito. Yapo mambo ambayo nyakanga au ngariba hamwambii asiyepitia, na aliyepitia hayasemi mbele ya asiyehusika. Aliyevaa kinyago cha midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hatajwi jina. Zoezi linalosema "eleza hatua zote za unyago katika jamii yako" linamtaka binti wa kusini achague kati ya alama zake na heshima yake kwa waliomlea. Kamati ikiliona zoezi la namna hiyo irudishe faili hapo hapo, bila kujali alama nyingine. Swali linaweza kuandikwa upya hivi: "Eleza mjadala wa hadharani kuhusu muda wa unyago na masomo ya shule, ukionyesha hoja za wazazi, walimu na viongozi wa dini." Hapo hakuna siri inayoguswa, na fikra inayohitajika ni kubwa zaidi.

Ikiwa kozi ina kazi ya uwandani

Angalia mambo manne kwenye faili. Barua ya utambulisho ya chuo ipite halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji; mwanafunzi anayeruka ngazi hurudishwa njiani, na wiki yake imepotea. Ratiba isigongane na msimu: korosho huokotwa na kuuzwa Septemba hadi Desemba, na mzee unayemtafuta yuko shambani au kwenye chama cha msingi. Masika nayo ina yake: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika. Safari za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zinahitaji kibali na mashua, kwa hiyo zisiwe ndiyo njia pekee ya kupata alama.

Jambo la nne ni lugha. Mwanafunzi aruhusiwe kuhoji kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au lugha nyingine na kuwasilisha maneno ya asili pamoja na tafsiri. Kozi inayodai mahojiano yote yaletwe kwa Kiingereza tu hupoteza kile kile kigezo cha nne kinachokitafuta.

Kikao na barua ya majibu

Wasomaji wawili walete hesabu zao kwa maandishi. Wakitofautiana kwa wiki mbili au pungufu, chukueni wastani. Zaidi ya hapo msomaji wa tatu asome. Maamuzi ni matatu: imepita, imepita kwa masharti, imerudishwa. Kozi iliyokosa kigezo cha 4 au cha 5 isipite hata kama nyingine zote zimejaa, kwa sababu hivyo viwili ndivyo rahisi kuahidi na vigumu kutekeleza.

Barua kwa mhadhiri ndiyo kazi halisi ya kamati. "Ongeza masuala ya tamaduni" ni maneno matupu. Mhadhiri ataongeza aya moja kwenye utangulizi na kuirudisha kozi ilivyo. Andika hivi:

*Tumehesabu wiki 3 zinazotimiza kigezo cha kwanza (7, 10, 13), zinahitajika 8. Tunapendekeza wiki 5, 6 na 9 kila moja ipewe chanzo kimoja cha wenyeji, na wiki 8 na 11 zijengwe upya kwa kulinganisha. Katika mtihani wa mwisho alama 12 zinahusika. Tunaomba maswali mawili zaidi yahusishwe, na insha ya kati ya muhula yenye alama 20 iwe ya kulinganisha jamii tatu. Marekebisho yakifika ndani ya wiki nne tutayasoma kikao kijacho.*

Hesabu ya alama inajumlika: 36 za mtihani na 20 za insha ni 56, juu ya 40. Mhadhiri anajua afanye nini Jumatatu asubuhi.

Kupanda ngazi

Kutoka kamati, orodha huenda bodi ya kitivo, kisha kamati ya seneti inayoshughulikia taaluma, kisha seneti. Chuo kishiriki kihesabu safari ndefu zaidi: Stella Maris Mtwara, kwa mfano, ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), ambacho makao yake yako Mwanza. Tenganisheni mapema aina mbili za mabadiliko. Kuipa lebo ya sharti hili kozi iliyopo ambayo krediti na jina lake havibadiliki ni suala dogo la ndani. Kubadili krediti, kuongeza kozi ya lazima au kugusa muundo wa programu hugusa ithibati ya TCU, na huko muda ni mrefu zaidi. Mkichanganya vyote kwenye waraka mmoja, kozi kumi zilizo tayari zitasubiri moja yenye matatizo.

Panga wiki 12 kabla ya kikao cha bodi: mbili za vigezo, tatu za mafaili, tatu za kusoma, moja ya kikao na tatu za kusoma marekebisho.

Baada ya lebo

Lebo ni ya kozi kama ilivyosomwa, na mhadhiri akibadilika kozi nayo hubadilika. Kila mwaka ofisi ya taaluma ichukue karatasi ya mtihani ya kila kozi yenye lebo na kuhesabu alama zinazohusika. Ni kazi ya dakika kumi kwa kozi. Zikishuka chini ya 40 mara moja, mhadhiri aandikiwe. Zikishuka mara mbili mfululizo, faili lisomwe upya lote. Hata bila tatizo, kila kozi isomwe upya baada ya miaka mitatu.

Kozi ikiondolewa lebo, tarehe ya kuondolewa iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na kwenye prospektasi. Wanafunzi walioisoma kabla ya tarehe hiyo wabaki wamelitimiza sharti. Msajili apewe orodha yao kwa maandishi siku hiyo hiyo, kabla orodha ya wahitimu haijaanza kuandaliwa.